Hatua Kumi na Nane, Hatua Ishirini

Mimi sijivuni, nasema kilichopo: katika ofisi ya kaka yangu hakuna anayechora haraka kuliko mimi. Kaka ni mhandisi, mkewe ni msanifu majengo, na mimi ndiye mchoraji wa ramani tangu enzi za kompyuta moja na viti viwili, kimoja kibovu. Ile programu ya kuchorea ilikuja tupu kama nyumba isiyo na fanicha. Viprogramu vya kunipunguzia kazi nimeviandika mwenyewe, usiku na mchana wa miaka: cha kuhesabu milango, cha kupanga vipimo, na kipenzi changu, cha ngazi. Unaandika neno NGAZI, unataja kimo kutoka sakafu hadi sakafu, unaegemea kiti. Ngazi inajichora yenyewe.

Kiprogramu hakifanyi kazi mpaka ukipakie ndani ya ile programu kubwa. Mara ya kwanza inakuuliza kama unamwamini aliyekiandika. Swali gani hilo la kumuuliza mtu mzima! Nilikuwa nabofya "Pakia daima" bila kusoma, kisha nakitia kwenye orodha ya kuanzia, ili kipakiwe chenyewe kila asubuhi ninapofungua mchoro wa kwanza.

Wifi yangu hakuupenda mtindo huo.

"Wifi, kwa nini tusiweke folda moja ya wote?" aliniambia. "Vya zamani tufute, tubaki na vinavyotumika."

"Kila mpishi na sufuria yake," nikamjibu. "Yangu haijawahi kuunguza."

Kisha tukapata kazi ya zahanati ya ghorofa moja. Kaka akasema safari hii jina langu ndilo litakaloandikwa kama mchoraji mkuu, kwenye kile kisanduku cha pembeni mwa kila karatasi. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nikijaza humo majina ya watu wengine. Siku ile nilitembea ofisini mabega juu, wala sikuona haya.

Kwa kuwa wagonjwa ndio wangepanda ngazi zile, wifi aliomba hatua ziwe fupi, kimo cha kila moja kisizidi sentimita kumi na saba. Kiprogramu changu cha ngazi kilikuwa kinaruhusu hadi kumi na tisa. Nikaandika kipya, nikampa wifi nakala, nikapakia na yangu, kazi ikaendelea.

Jumatano saa nne asubuhi simu ikalia. Alikuwa msimamizi wa ujenzi, mzee tunayemwita Bwana Timazi kwa sababu hapitishi kitu kilichopinda.

"Dada, karatasi yako ya ngazi ina hatua kumi na nane. Ya wifi yako, ngazi hizo hizo, ina ishirini. Mbao nimeshapigilia za ishirini na zege linamwagwa saa nane mchana. Nifuate ipi?"

"Nipe nusu saa, utaletewa iliyo sahihi," nikasema, na moyoni nilishajua ni ipi.

Nikaenda moja kwa moja kwenye meza ya wifi. "Wifi, hapa umeteleza. Mimi sihesabu kwa vidole, nahesabu kwa kiprogramu, na kiprogramu hakisinzii."

"Nilihakikisha, wifi."

"Hakikisha tena."

Kaka akachungulia kutoka chumbani kwake. "Kosa la nani?"

"Likiwa langu," nikasema kwa sauti iliyofika mapokezi, "jina langu litoke kwenye kisanduku!" Ulimi hauna mfupa.

Wifi akaifungua tena karatasi yake ya ngazi. "Sawa," akasema. "Nitarekebisha."

Nikarudi kwenye kiti changu nimeridhika. Ili mjadala ufe kabisa, nikaamua kuchapisha ushahidi. Nikaandika NGAZI, nikataja kimo, mita tatu na sentimita arobaini. Hatua kumi na nane, kama kawaida. Nikagawanya kwa kikokotoo ili niandike kimo cha kila hatua. Karibu sentimita kumi na tisa.

Nikagawanya tena. Jibu lile lile.

Nikafungua orodha ya kuanzia. Kiprogramu kipya kilikuwa pale, na cha zamani kilikuwa chini yake. Vyote viwili nilivipa amri moja, NGAZI, na programu haigombi mtu kwa hilo. Inatii kilichopakiwa mwisho. Kila asubuhi ilikuwa inapakia kipya, halafu inakifunika kwa kile cha zamani. Kwa wifi kulikuwa na kipya peke yake. Nyani haoni kundule.

Nitasema ukweli wote. Niliwaza kukiondoa cha zamani, nichore upya, nitume, nimwambie Bwana Timazi kwamba tumeafikiana ishirini. Nani angejua? Mkono ulikuwa tayari kwenye kipanya. Ndipo likanijia lile neno la wifi, "nitarekebisha".

Nikakimbia. "Wifi, umeshatuma?"

"Sasa hivi. Kumi na nane, kama ulivyosema."

Nikampigia Bwana Timazi palepale mezani kwake, nikaweka sauti ya nje. Nyuma yake nyundo zilikuwa zinalia.

"Karatasi nimeipata," akasema. "Vijana wanang'oa mbao."

"Wasimamishe! Ni ishirini. Karatasi ya kwanza ya wifi yangu ndiyo sahihi. Kosa ni langu mimi, si lake. Umesikia?"

"Nimesikia, dada. Wamefika ubao wa pili tu."

Kaka alikuwa amesimama mlangoni. Nikavuta kibodi ya wifi, nikafungua karatasi, nikafuta jina langu kisandukuni na kuandika lake. Alinishika mkono nikautoa. Nilisema mwenyewe, na mimi kauli yangu huwa nailipa.

"Lakini wifi," nikamuuliza, "wewe unajua hesabu. Kwa nini ulikubali?"

"Nilihesabu mara tatu," akasema. "Kila mara zinatoka ishirini. Nikajiambia, wifi huwa hakosei, basi mimi ndiye sijui kugawanya."

Hakuwa na hasira hata chembe. Afadhali angenitukana.