Shahidi wa Pili

Tamsin Pascoe alimgeuza Mzee Hannaford ubavu wa kushoto, akamfuta mgongo kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, akampaka mafuta pale ngozi ilipoanza kuwa nyekundu. Nje mvua ya Devon ilinyesha bila haraka. Vyumba vingine vilikuwa vikimsubiri na mwenzake wa zamu hakutokea. Tangu bei ya gesi ipande, wenye nyumba ile ya wazee walikuwa wamepunguza wafanyakazi, kisha wakabandika ukutani bango la kuwapongeza waliobaki.

Wilfred Hannaford alikuwa amefuga kondoo maisha yake yote. Sasa saratani ilikuwa imefika kwenye ini. Maumivu hayakumsumbua sana, vibandiko vya dawa begani vilimtosha. Kilichomnyima usingizi ni woga, naye hakuona haya kuusema.

“Leo si ndiyo unaongea chuoni?” aliuliza, uso ukielekea ukutani.

“Leo, mzee.”

“Kuhusu vile viuyoga.”

“Kuhusu vile viuyoga.”

Tamsin alikuwa akisomea shahada ya pili ya falsafa, na somo alilolichagua lilihusu dawa za njozi: uyoga na mimea inayomwonyesha mtu mambo ambayo macho matupu hayayaoni. Nyumbani kwao walimcheka. Mama yake alimuuliza kama kuosha wazee hakujamchosha mpaka akasomee na ulevi. Kumbe ni kazi hiyo hiyo iliyompeleka huko. Alikuwa amesoma kwamba katika hospitali fulani wagonjwa waliokaribia kufa walipewa dawa hizo kwa majaribio, na baadhi yao waliacha kuogopa. Tamsin alitaka kujua kama amani ya namna hiyo ni ya kweli, au mtu amedanganywa tu akaridhika.

Mzee Hannaford alisema kwamba kwenye malisho nyuma ya nyumba yake viuyoga hivyo vilikuwa vikiota kila Oktoba, naye alivikanyaga kwa mabuti miaka nenda miaka rudi bila kuvijali. Kisha akageuza shingo kwa shida.

“Huwezi kuniletea kidogo, mwanangu?”

Tamsin hakuzungukazunguka. Alimwambia kuwa kuviokota tu ni kosa la jela, na kwamba hata akishukiwa, kibali chake cha kuhudumia wazee kitafutwa. Akamwambia pia kuwa aliwahi kuwaandikia wale madaktari wa majaribio kwa niaba yake. Walijibu kwa adabu kwamba umri umepita na moyo ni dhaifu.

“Moyo dhaifu,” alisema mzee. “Wanaogopa nitakufa.” Akacheka mpaka akakohoa. Alipopata pumzi alimwomba radhi kwa kumtia majaribuni. “Lakini wewe msomi niambie. Ukishafika kule, inakuwaje?”

“Sijui, mzee. Nikirudi tutaongea.”

“Usiniletee maneno ya padri.”

“Sina hata moja.”

Tamsin alifika chuoni amechelewa, viatu vimelowa, mkate aliokusudia kula njiani ungali mfukoni. Semina yao ilikuwa na wanafunzi wachache, wengi wao vijana. Dokta Ingleby, mwalimu wao, mwanamke mpole aliyependa kufumba macho akisikiliza, alimpa ishara aanze.

Tamsin alisoma alichokiandika. Alisema kwamba katika majaribio yale mgonjwa hakupewa dawa peke yake. Alipewa chumba chenye utulivu na watu wawili wa kuketi naye kutwa nzima, wakimshika mkono kila alipoogopa. Watafiti walipima dawa kwa makini, lakini alikuwa hajaona mtafiti aliyepima faida ya ile siku nzima ya kuketi na mgonjwa. Huenda sehemu ya tiba ilikuwa hapo, na mahali anapofanya kazi hakuna mtu anayepewa hata saa moja.

Rufus, mmoja wa vijana hao, ndiye aliyenyoosha mkono. Alikuwa ametoka Uholanzi juzi, kwenye nyumba ambako watu hulipia kitanda, mwongozaji na uyoga wenyewe. Aliuliza kwa upole kama Tamsin amewahi kuzitumia dawa hizo.

“Hapana.”

“Basi, kwa heshima zote dada, unatueleza utamu wa asali kwa kusoma kibandiko cha chupa.”

Wengine wakatabasamu. Tamsin alihisi masikio yanapata moto.

“Mimi nikikutwa nazo sina kazi,” alisema. “Wewe ukikutwa nazo, baba yako ataita wakili.”

Dokta Ingleby akafumbua macho, akasema hoja hiyo ni nzito lakini ni ya sheria, na wiki ile walikuwa kwenye mada ya maarifa. Akageukia ubaoni akaandika: *Nani ana haki ya kusema anajua?* Mjadala ukaendelea vizuri sana bila Tamsin.

Simu ilimkuta akitoka. Alikuwa Lorraine, nesi mkuu wa nyumba ya wazee, akimwomba aje ashike zamu ya jioni. Tamsin akaenda.

Lorraine alimpokea mlangoni pa chumba cha dawa, kikombe kidogo cha plastiki mkononi. Mzee Hannaford alikuwa akiita tangu mchana, kila apitaye akimuuliza anapelekwa wapi, mpaka wazee wenzake wakaanza kulia. Daktari alikwisha kuandika dawa ya kutuliza, ya kutumika inapohitajika. Kanuni za nyumba zilitaka watu wawili wasaini kila inapotolewa.

“Nahitaji shahidi wa pili. Weka saini hapa.”

“Anaumwa?”

“Anapiga kelele.”

“Anaogopa, Lorraine. Anataka mtu wa kuongea naye. Niachie nusu saa nikae naye.”

“Nusu saa ya nani? Wazee wa ghorofani hawajapata hata chai.”

“Basi nitakaa nikishatoka zamu.”

“Ukishatoka zamu bima haikutambui. Usinitafutie matatizo.” Lorraine hakupandisha sauti. Macho yake yalikuwa mekundu. Naye alikuwa hajakaa tangu asubuhi. “Saini, mwenzangu.”

“Hii sisaini.”

Wakatazamana. Lorraine alisema atalazimika kuliandika hilo kwenye ripoti, kisha akamwita Kerry wa jikoni, aliyekuwa amesomeshwa kazi hiyo ya kushuhudia dawa kwa siku moja. Kerry alivua glavu moja, akasaini bila kuuliza ni dawa ya nani, akarudi kwenye masufuria.

Tamsin alisukuma toroli la chai. Kupitia ukuta alimsikia mzee akiuliza kama Tamsin amerudi.

“Amerudi, anakuja,” Lorraine alimjibu. “Kunywa hii kwanza.”

Mzee aliendelea kuongea kidogo. Halafu maneno yakaanza kuburuzika, yakakatika.

Tamsin alipofika kwake, Mzee Hannaford alikuwa amelala chali, mdomo wazi, tone la dawa likikauka kidevuni. Tamsin alilifuta.

“Unaona? Ametulia,” alisema Lorraine kutoka mlangoni, kwa sauti ya mtu anayetaka kukubaliwa.

Tamsin aliketi ukingoni mwa kitanda, akaushika mkono wa mzee, akaanza kumsimulia polepole yaliyosemwa chuoni. Ghorofani kengele mbili za kumwita mhudumu zilikuwa zinalia, kisha ikaongezeka ya tatu. Hakuinuka.