Wafu wa Jumatatu

Lorine alikuwa mke mwema, na wema wake ulikuwa umeshaua watu. Kila Jumatatu mumewe Ondiek aliposhindwa kuinuka kwa pombe, Lorine alijifunga leso, akaenda kwenye kibanda cha simu karibu na steji ya matatu ya Kitengela, akampigia Parsaoti, msimamizi wa kiwanda cha nguo alikofanya kazi Ondiek. Mwanzoni alitumia magonjwa: malaria, taifodi, tumbo la kuendesha. Magonjwa yalipokwisha, akaanza kuwaua wajomba. Ukoo wa Ondiek haukuwa na upungufu wa wajomba, basi kazi ikasalimika.

Jumatatu moja ya mwaka 1999, Lorine alipotaja mjomba mwingine, Parsaoti akamwambia kuwa mjomba huyo alishakufa mwezi wa tatu. Lorine akababaika.

"Si mjomba," akasema. "Ni mama yake."

Mjomba akifa, watu hutoa pole. Mama akifa, watu huja. Kabla jua halijazama Parsaoti aliwasili na wafanyakazi wenzake Ondiek, wamebeba mikate, sukari, sufuria kubwa za kuazima, na mbuzi. Wanawake waliingia jikoni bila kuuliza, kama ilivyo desturi ya matanga. Kavutha, fundi wa vifungo, akaanzisha wimbo. Lorine alikaa mkekani akilia kwa hofu, na wote wakakubaliana kwamba huyu alimpenda mama mkwe wake kweli.

Ondiek hakuwepo. Alikuwa ameamka mchana akarudi baa, akiamini kwamba dawa ya moto ni moto. Aliporejea, akakuta watu wamejaa uani kwake.

"Kuna nini hapa?"

Parsaoti akamshika bega. "Ndugu yangu, jikaze. Bibi yako alituambia asubuhi. Pole sana kwa kupoteza mama."

Ondiek akaanguka chini. Alilia akimwomba mama yake msamaha kwa kutokwenda nyumbani tangu Krismasi ya mwaka juzi. Pombe yote ikamtoka kwa machozi. Lorine hakuwa amewahi kumwona mumewe akiwa na akili timamu namna ile, na akashawishika kunyamaza. Labda uchungu huu ungemponya. Lakini mwanamume alikuwa akimlilia mama aliye hai, na Lorine akajionea aibu mpaka akasimama.

"Mama mkwe wangu, Mama Adero, hajakufa," akasema. "Yuko kijijini Ahero, anapalilia mahindi. Hata wale wajomba hawakufa. Mume wangu, Baba Amolo, alikuwa amelewa, Jumatatu zote. Mimi ndiye nilikuwa nawaua."

Wimbo ukakatika. Parsaoti akavua kofia, akaivaa tena.

"Mama Amolo, kwetu mtu aliye hai hazikwi kwa mdomo." Kisha akamgeukia Ondiek. "Kesho asubuhi kuja kwa ofisi. Wewe mwenyewe."

Akamfungua mbuzi wake, wakaondoka. Kavutha aliacha mkate mmoja, kwa huruma.

Ondiek akajipangusa pua, akainuka polepole. Lorine alingoja kofi, au shukrani, au hata furaha tu kwamba mama yuko hai.

"Mama Amolo," Ondiek akasema kwa sauti ya chini, "sasa kesho utamwambia Parsaoti nini?"

Lorine akaukunja mkeka. Moyo ulimuuma, maana alimpenda.

"Utamwambia wewe," akasema. "Mimi watu wangu wameisha."