Ubaridi wa Ghorofa ya Juu

Khoshaba alikuwa mtu wa kushinda. Alizishinda foleni za wakimbizi kule Amman alipokimbia Baghdad, akaushinda mtihani wa Kiingereza uliomwangusha mara mbili, akayashinda maisha ya kuendesha gari la mikate alfajiri katika mitaa ya Fairfield, Sydney, mpaka mgongo ukagoma. Alipostaafu akakosa cha kushindana nacho, akaamua kushindana na jua.

Na jua la kule si la mchezo. Fleti yake ilikuwa juu kabisa, katika jengo la matofali mekundu la ghorofa tatu, na waliolijenga hawakuweka kitu chochote kati ya vigae vya paa na dari. Madirisha ya sebuleni yalitazama magharibi, wazi, bila hata kivuli cha turubai. Ikifika Januari, jioni kuta zilikuwa za moto kama ubavu wa tanuri, na usiku zilitoa joto lote zililolila mchana. Ule upepo wa kusini ambao watu wa ufukweni huusubiri wafungue madirisha, ukifika Fairfield huwa umeshachoka. Kiyoyozi hakikuwezekana: kanuni za jengo zilikataza kutundika mashine ukutani, na nyaya za umeme zilikuwa za zamani, zikielemewa kidogo tu jengo zima linakaa gizani.

Mkewe, Shamiran, alikuwa na presha. Kiangazi alipika dolma, mboga zilizojazwa wali, kabla hakujapambazuka ili jiko lizimwe mapema, kisha akakaa mchana kutwa barazani, penye upepo wa ngazi, kitambaa kibichi shingoni, akimenya vitunguu na kusalimiana na wapitao. Hakuwa mtu wa kulalamika. Khoshaba ndiye aliyelalamika kwa niaba yake.

Siku moja alikwenda maktaba kwenye mafunzo ya halmashauri juu ya majengo ya zamani, akarudi macho yanawaka.

"Mama Ninos, kumbe si mapenzi ya Mungu! Ni pamba!"

"Pamba gani tena?"

"Ya kuweka darini. Pamba darini, rangi nyeupe juu ya paa, vivuli nje ya madirisha, vioo viwili viwili. Na nyaya mpya. Jengo zima! Umeme utashuka, na wewe utalala kama mtoto."

"Mimi nalala," alisema Shamiran. "Wewe ndiye hulali."

Tangu siku ile nyumba ikawa ofisi. Khoshaba alileta mtaalamu mwenye kamera inayoona joto, akawaonyesha majirani picha ya dari yake ikiwa nyekundu kama nyama buchani. Aligonga milango. Bi Thuy wa ghorofa ya kati, Mvietinamu aliyefiwa na mume, alikuwa wa kwanza kukubali. "Bwana Khosha, mimi napigwa joto na juu na chini," alisema. "Weka jina langu hata mara mbili." Mlango mmoja tu Khoshaba hakuugonga.

Mlango huo ulikuwa wa Yoel, mdogo wake Shamiran, aliyekaa chini kabisa, kwenye sakafu ya marumaru na kivuli cha mti mkubwa wa jirani. Yoel alikuwa na fleti mbili mle jengoni, moja ameipangisha, na wenye fleti waliokaa mbali walizoea kumwachia yeye kura zao. Kumpata Yoel ilikuwa kulipata nusu ya jengo.

"Nenda kamwambie," Shamiran alimsihi. "Shuka unywe naye chai, umwambie kama ndugu."

"Nimwombe? Mimi? Yoel ni wangu yule, hawezi kunipinga."

Mkutano wa wenye fleti ulifanyika kwenye ukumbi wa kanisa. Khoshaba alivaa suti. Alisema vizuri, picha zikapita ukutani, watu wakaitikia kwa vichwa. Kisha Yoel, aliyekaa nyuma amekunja mikono, akainuka.

"Shemeji, nina swali. Baghdad tulikuwa tunalala juu ya paa. Leo paa la Fairfield limekushinda?"

Watu wakacheka. Khoshaba alitabasamu kwa tabu.

"Baghdad tulikuwa vijana, Yoel."

"Basi ungejenga jengo lako ukalivisha pamba na kofia. Mimi kwangu kuna baridi. Kwa nini nilipie joto lako? Napinga, na hizi kura nilizoachiwa, nazo zinapinga."

Hapo ndipo Khoshaba alipoteleza. Angeweza kukaa chini, angeweza kuomba siku nyingine. Badala yake damu ilimpanda kichwani, akasema kwa lugha yao, kisha akarudia kwa Kiingereza ili hata Bi Thuy asikie:

"Huyu mnayemwona, mimi ndiye niliyemtoa Amman! Mimi niliyemwekea dhamana! Alishuka uwanja wa ndege na viatu vya kuazima. Leo ana fleti mbili, anataka kuniuzia kivuli!"

Yoel alichukua koti lake, akapita kati ya viti, akatoka. Kura zikapigwa, pendekezo likaanguka. Shamiran, aliyeketi safu ya mbele, hakumtazama mumewe. Alikuwa anaitazama mikono yake mwenyewe mapajani.

Njiani alisema jambo moja tu. "Vile viatu vilikuwa vya baba. Havikuwa vya kuazima."

Khoshaba hakukubali kushindwa. Aliandika malalamiko, alimpigia simu kila aliyekuwa na cheo, akajiunga na kundi la wenye majengo mabovu, akawa msemaji wao. Waliokuja kumtembelea aliwapandisha kwenye kiti wakaiguse dari. Chakula kilipopoa mezani, Shamiran alikifunika. Alipomwambia kwamba Ninos, mtoto wao aliyekuwa migodini Perth, amepiga simu, Khoshaba aliuliza, "Kasema nini kuhusu zile picha?"

Kiangazi kilichofuata joto lilikuja vibaya. Barabara zililainika, popo wakaanguka mitini kando ya kijito, na redio ikawa inawaonya wazee asubuhi na jioni. Siku iliyokuwa mbaya kuliko zote, halmashauri ilimwalika Khoshaba aseme mbele ya watu kuhusu makazi yenye nafuu.

"Usiende leo," Shamiran alisema. "Kichwa kinanizunguka."

"Kunywa maji, ulale mbele ya feni. Leo ndiyo siku yenyewe, Mama Ninos. Watasikia leo."

Na kweli walimsikia. Alisimama kwenye ukumbi wenye kiyoyozi akasema juu ya mke wake, jinsi anavyoteseka, na mama mmoja mbele akajifuta machozi. Walimpigia makofi. Alikuwa bado anashikwa mikono mlangoni alipoona simu ya Bi Thuy, na nyingine, na nyingine.

Bi Thuy alikuwa amepanda kumpelekea Shamiran tikiti maji, akamkuta sakafuni jikoni, ngozi kavu, anaita watu waliokwisha kufa. Alipiga kelele ngazini. Aliyekuja mbio ni Yoel. Yoel, ambaye magoti yake yalikuwa mabovu, alimbeba dada yake mikononi akashuka naye ngazi zote, akamlaza kwenye ile sakafu ya marumaru, akammwagia maji mpaka gari la wagonjwa lilipofika.

Hospitali, Khoshaba alimkuta shemeji yake amekaa kwenye korido, shati limelowa.

"Yuko hai," Yoel alisema. "Daktari anasema asirudi juu mpaka joto lipite. Atakaa kwangu. Na wewe kitanda kipo, shemeji. Njoo."

Alikuwa anasema kwa moyo safi, na Khoshaba alijua hivyo. Lakini neno lililomtoka lilikuwa jingine.

"Kwa kura yako, Yoel. Kwa kura yako hii."

Yoel alikamua upindo wa shati lake. "Na wewe ulikuwa wapi?" aliuliza.

Shamiran alikwenda kwa ndugu yake. Khoshaba alibaki juu, peke yake, kwa ukaidi, ndoo ya maji miguuni. Kila jioni alishuka, akaketi nusu saa kwenye kiti cha mlangoni kama mgeni, akapewa chai, akapanda tena. Shamiran alianza kurudiwa na rangi. Alicheza tawla na Yoel, wakagombana juu ya kete kama watoto, na mara nyingine Khoshaba, akiwa bado ngazini, alisikia kicheko asichokitambua. Alisimama kidogo kukisikiliza. Kilikuwa cha mkewe.

Joto lilipopita, mkutano uliitishwa tena. Yoel alikuja, akakaa palepale nyuma, na alipoulizwa akanyanyua mkono kukubali yote. Khoshaba alikuwa ameandaa hotuba. Haikuhitajika.

Kazi ilifanyika wakati wa baridi. Mafundi walipanda juu na mirija mikubwa wakajaza pamba, paa likapakwa rangi nyeupe, nyaya zikabadilishwa, maji ya moto ya jengo zima yakawa ya mtambo mmoja usiokula umeme. Madirisha yakafungwa vioo viwili viwili. Ukiyafunga, malori ya barabarani yanakuwa kama sinema isiyo na sauti. Khoshaba aliwasimamia kama baba wa bibi harusi. Alinunua hata mapazia mapya, ya kijani, rangi aliyoipenda Shamiran.

Siku ya kwanza ya joto alishuka kumchukua.

"Twende ukaone."

Alipanda naye polepole. Shamiran aliingia, akasimama katikati ya sebule. Nje palikuwa panaungua. Ndani palikuwa kama chini ya mti kando ya mto. Aligusa ukuta, akagusa pazia.

"Hongera, Baba Ninos," alisema. "Kazi nzuri kabisa."

"Basi nikakuletee nguo zako?"

Shamiran aliketi kwenye ncha ya kochi, mkoba bado begani.

"Yoel anauza," alisema. "Zote mbili. Jengo limepanda bei siku hizi, kila mtu anataka fleti isiyo na joto. Anahamia Melbourne kwa binti yake, wamepata nyumba yenye bustani. Nakwenda nao."

Khoshaba alicheka, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. "Yoel? Yoel aliyepinga ndiye anayekula matunda? Na mke wangu juu yake?"

"Unaona?" alisema Shamiran, bila hasira. "Hata sasa bado uko kwenye mkutano."

"Haya yote nimeyafanya kwa ajili yako!"

"Nilikuambia kichwa kinanizunguka. Nilikuambia, ukaniambia ninywe maji."

"Nilikwenda kukusemea wewe!"

"Najua. Bi Thuy alinionyesha kwenye simu. Ulisema vizuri, nikalia." Aliinuka, akaukaza mkoba. "Watu wote ukumbini walijua ninavyoumwa. Wewe peke yako hukunisikia. Chini kule nikikohoa tu, mtu anauliza nini, dada. Nimezeeka, Khoshaba. Nataka kuulizwa."

Alimwita kwa jina lake. Tangu Ninos azaliwe hakuwahi.

Waliondoka kabla ya Krismasi. Khoshaba alibeba masanduku mpaka garini. Yoel alimpa mkono, akasita, kisha akambusu mashavuni kama desturi. Khoshaba alitaka kusema jambo kuhusu vile viatu. Alikuwa na maneno tayari, ameyapanga usiku kucha. Lakini Yoel alikuwa ameshageuka kumfungia dada yake mkanda wa kiti.

Januari halmashauri ilileta wageni kuliona jengo la mfano. Walivua viatu mlangoni, wakashangaa, wakaweka viganja ukutani. Nje joto lilikuwa limepita arobaini. Mmoja wa wageni aliomba radhi akavaa koti. Khoshaba aliwatilia chai kwenye vile vigilasi vidogo, akawapa kileche, vile vibiskuti vya tende, alizonunua dukani.

"Na mama yuko wapi?" aliuliza msichana aliyekuwa anaandika maelezo. "Yule uliyemsema siku ile? Lazima anafurahi sana."

"Yuko Melbourne," alisema Khoshaba. "Kwa ndugu yake."

"Ah, likizo!"

"Chukua kileche nyingine, binti."

Walipoondoka aliosha vigilasi, akakaa. Simu ililia jioni, kama kila Jumapili. Nyuma ya sauti ya Shamiran palikuwa na watoto, na bomba la maji likimwagilia bustani.

"Umekula?" aliuliza Shamiran.

"Nimekula."

"Redio inasema huko Sydney kunawaka moto. Vipi humo ndani? Unaweza kulala?"

Khoshaba alikuwa amejifunika shali miguuni. Hewa ya sebule ilikuwa imetulia, wala hakukuwa na sauti yoyote kutoka barabarani.

"Joto kali," alisema. "Kali sana. Kichwa kinanizunguka."

Alishikilia simu kwa mikono miwili.

"Kunywa maji," alisema Shamiran.