Begi la Baba Pacha

Baba Pacha alikuwa kinyozi, na mdomo wake ulifanya kazi kuliko mkasi wake. Mteja aliyekaa kwenye kiti chake aliinuka akijua habari za mtaa mzima, zikiwemo zile zisizomhusu. Kwa hiyo siku aliponyoa vichwa vya asubuhi nzima bila kusema neno, watu walijua kuna jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa mdogo wake, fundi wa kuchomelea vyuma aliyehamia ng'ambo tangu ujana. Figo zake zote mbili zilikuwa zimegoma. Aliishi kwa kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, na sauti yake kwenye simu ilizidi kunyong'onyea kila wiki. Baba Pacha alikuwa amekwenda kupimwa, na majibu yakatoka kwamba figo yake ingefaa. Hospitali ya kule ikamtumia barua ya mwaliko, ikapanga na tarehe ya upasuaji.

"Kutoa figo siogopi," alimwambia mkewe jikoni. "Naogopa safari. Mimi hata mpaka wa nchi yetu sijawahi kuuona kwa macho."

Mkewe alikuwa anaosha sufuria. "Muulize mama."

"Mama yupi?"

"Mama yangu. Kuna mama gani mwingine hapa aliyepanda ndege?"

Baba Pacha akajikuna shingo. Mama mkwe wake alikuwa amefanya kazi ya uyaya kwa familia iliyokuwa ikihama nchi hadi nchi, akalea watoto wao mpaka wakaota ndevu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache hayakutiwa sukari. Tangu siku za posa, mkwe wake alimheshimu kwa mbali. Alikuwa akimwamkia mlangoni, kisha anajitafutia shughuli uani.

Safari hii hakukuwa na pa kukimbilia. Mama mkwe alifika, akaketi kwenye meza ya kulia, akavaa miwani.

"Lete paspoti."

Baba Pacha akaleta ile aliyoikata zamani kwa safari ambayo haikufanyika. Mama mkwe akakagua tarehe kabla hata ya kutazama picha. "Hii inakaribia kufa, baba. Utafika kule ikiwa mahututi, wakurudishe. Kaombe mpya kwanza, ndipo uende ubalozini kuomba viza. Na jina la kwenye tiketi lifanane na la humu, herufi kwa herufi. Huku mtaani wewe ni Baba Pacha. Kule kaunta hakuna baba wala pacha."

Baba Pacha akatoa simu kumwonyesha tiketi ya bei nafuu aliyotafutiwa na wakala. Angebadili ndege njiani, na nafasi kati ya ndege ya kwanza na ya pili ilikuwa ndogo sana.

"Ya kwanza ikichelewa?" aliuliza mama mkwe.

"Si watanisubiri, Mama? Naenda kutoa figo."

"Rubani haijui figo yako. Chukua ile yenye nafasi ndefu. Utakaa uwanjani mpaka makalio yafe ganzi, lakini ndege hutaikosa."

Akamwambia akate bima ya safari, na asome mwenyewe inalipia nini, asiridhike na maneno ya muuzaji. Akamwambia aiulize benki kama kadi yake itafanya kazi kule. Namba ya simu ya mdogo wake na anwani ya hospitali aziandike kwenye karatasi, maana simu huzimika chaji palepale unapoihitaji.

Kisha akavua miwani, akakunja uso, akawa ofisa wa uhamiaji.

"Umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kumwona mdogo wangu," alisema Baba Pacha. "Yaani ilivyoanza, miguu yake ilianza kuvimba, sisi tukadhani ni viatu, halafu shangazi yetu akasema..."

"Shangazi umemwacha wapi? Nimekuuliza umekuja kufanya nini."

"Kutoa figo."

"Utakaa wapi?"

"Kwa mdogo wangu. Kuna sofa ambayo, ukiivuta chini, inakuwa kitanda, sema mguu mmoja..."

"Rudi mwisho wa foleni!"

Pacha wawili, waliokuwa wakichungulia kutoka chumbani, waliangua kicheko mpaka mama yao akaja kuwafukuza. Lakini bibi yao hakucheka. Alirudia maswali yale mara nyingi, hadi mkwe wake akaweza kujibu swali bila kulizalia watoto.

Siku mbili kabla ya safari, paspoti mpya na viza zikiwa tayari, ulifika wakati wa kufunga mizigo. Mama mkwe akaanza kupekua begi dogo la mkononi, na kitu cha kwanza kukutana nacho kilikuwa mkasi na nyembe.

"Nyembe kwenye ndege, Baba Pacha?"

"Ni vya kazi, Mama. Nataka nimnyoe mdogo wangu."

"Mnyoe, lakini hivi vinaingia begi kubwa. Wewe unaingia na nini hospitalini? Vipimo vyako viko wapi?"

Vilikuwa kwenye begi kubwa, chini ya viatu, karatasi zote na picha za tumbo. Mama mkwe akavihamishia kwenye begi dogo kwa mkono wake, pamoja na dawa zake za mzio, nguo za kubadilisha na sweta. "Hili ndilo unalokwenda nalo," alisema, akiligonga lile begi dogo. "Lile kubwa likifika, tutashukuru."

Jioni hiyo akaja mteja mmoja wa siku nyingi na kifurushi kilichozungushiwa gundi ya plastiki kila upande. Alitaka kipelekwe kwa kijana wake. Baba Pacha, ambaye hajui kumkatalia mtu, alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Tukifungue kwanza," alisema mama mkwe kutoka kwenye kiti chake.

"Ni vitu vya kawaida tu, Mama."

"Basi havitaona aibu."

Mteja hakutaka kukifungua. Aliondoka nacho, amevimba shingo. Kilikuwa na nini, hakuna aliyejua, na mama mkwe alisema hiyo ndiyo sababu ya kutokibeba.

Safari ikaanza kwa ndege ya kwanza kuchelewa. Abiria walikaa ndani, mikanda imefungwa, mvua ikipiga madirisha, hakuna kinachosogea. Walipotua mahali pa kubadilishia, Baba Pacha aliona watu wakikimbia na wengine wakilia kaunta kwa kuwa ndege zao zimekwisha ondoka. Yeye alikuwa na muda wa kwenda msalani, kunywa chai na kuuliza njia kwa watu watatu tofauti.

Alipofika mwisho wa safari, ofisa wa uhamiaji, mwanamke kijana mwenye kikohozi, alimuuliza amekuja kufanya nini.

"Kumpa mdogo wangu figo," alijibu, akafunga mdomo.

Ofisa akainua macho, akaiangalia barua ya hospitali, akagonga muhuri. "Mungu awasaidie," alisema.

Kwenye mkanda wa mizigo, mabegi yalizunguka na kuisha. Begi lake kubwa halikuwemo. Mdogo wake, aliyekuja kumpokea akiwa ameshikilia fimbo, amepauka na macho yamemvimba, alipatwa na hofu.

"Kaka, vipimo! Hospitali walisema wanavihitaji kesho asubuhi. Vikikosekana wataahirisha."

Baba Pacha akafungua begi dogo, akamwonyesha. Halafu, katikati ya watu wanaosukuma vitoroli, akaanza kulia. Alimlilia mdogo wake aliyekonda vile, na hapohapo alikuwa akimshukuru mama mkwe, naye alikuwa mbali mno kusikia.

Begi kubwa lililetwa nyumbani siku chache baadaye. Kabla ya kulazwa, alimkalisha mdogo wake bafuni, akamnyoa nywele na ndevu taratibu, akimsimulia habari za mtaani zote, hakuacha hata moja. Mdogo wake alifumba macho, akasikiliza. "Nilikuwa nimeikosa hii kelele yako," alisema.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Baba Pacha aliamka na maumivu ubavuni ambayo hakuyategemea kuwa makali vile, lakini yalipungua, na madaktari waliporidhika wakamruhusu arudi nyumbani.

Alipofika, kabla ya kupumzika, alikwenda kwa mama mkwe. Hakubaki mlangoni. Aliingia, akaketi karibu naye, akamshika mikono yote miwili.

"Mama, nakushukuru. Bila wewe ningekuwa bado uwanjani nalia."

"Ulilia hata hivyo. Mkeo kaniambia."

"Nililia, ndiyo. Mama, haya yote ulifundishwa na nani?"

Mama mkwe akauchomoa mkono mmoja, akarekebisha kanga begani, akaurudisha. "Safari yangu ya kwanza sikuwa na wa kunifundisha. Nilipotea uwanjani, sina sweta, sina lugha, sina namba ya mtu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipiga deki akaniona. Akaacha ndoo yake, akanishika mkono kama mtoto, akanipeleka mpaka mlango wa ndege yangu. Nikamwambia asante, asante, kwa lugha yetu. Hakuielewa. Akacheka tu, akarudi kwenye ndoo. Mpaka leo namwombea."

Baba Pacha aliendelea kuishika ile mikono.

Simu yake ikaita. Ilikuwa ya video, na sura ya mdogo wake ikajaa kwenye kioo, mashavu yameanza kurudi.

"Shikamoo, Mama! Kaka ameniambia nikuamkie kabla sijamwamkia mtu mwingine."

"Marahaba, mwanangu." Mama mkwe akaisogeza simu karibu na miwani, akamkagua kama paspoti. "Unakunywa maji?"

"Nakunywa."

"Unakojoa?"

"Nakojoa, Mama! Nakojoa kama watu wote!"

"Mungu ashukuriwe," alisema mama mkwe, na ndipo Baba Pacha alipomwona, kwa mara ya kwanza tangu aoe, akicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi.