Binti Aliyesimama Mlangoni

Kitabu kilikatwa siku ya Jumanne, mapumziko ya saa nne, kwa wembe wa Ryan, mwanafunzi mwenzao, na Nasimiyu mwenye kitabu ndiye aliyekishika kisiteleze. Msimlaumu Nasimiyu kabla ya kumsikia. Kidato cha Tatu cha shule yao, huko Ngong Road, hakina nafasi hata ya kupiga chafya: alfajiri masomo ya ziada, mchana masomo, jioni ya ziada tena, na Jumamosi hadi saa sita masomo ambayo hata walimu hawajui yaitweje. Wanafunzi sita walikitaka kitabu hicho, na kila mmoja alikuwa na vidakika vyake tu, vya foleni ya chakula au vya kumngoja mwalimu aliyechelewa. Basi kikagawanywa mafungu sita, na kila fungu likajificha vizuri ndani ya kitabu cha Kemia.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya binti anayemtafuta baba yake, mchimba visima aliyeondoka nyumbani na ndoo na kamba asirudi tena. Binti anazunguka nchi nzima, kisima hadi kisima, akiulizia. Nasimiyu hakuwahi kujua kwamba karatasi kuukuu ina uwezo wa kumtia mtu kiu. Alisoma, koo likamkauka kweli, akainuka kwenda kunywa maji bombani, na pale bombani akastaajabu hadi akajiogopa. Mwisho wa fungu la tano, binti amefika nyumba ya mwisho na kuinua mkono abishe. Fungu likaishia hapo.

Fungu la sita lilikuwa kwa Ajwang, ambaye ana tabia yake mbovu ya kuanzia hadithi mwisho. Hakuwa amemaliza hata mstari mmoja Mwalimu Nzau wa Kemia alipolichukua na kulitia mfukoni.

Jumamosi mchana Nasimiyu alitembea kutoka katikati ya jiji hadi Ngara, kwa Mzee Muindi, alikokitoa kitabu kile, auzaye vitabu vya mitumba juu ya gunia kando ya barabara. Mzee huyu ana sharti lake. Ukirudisha kitabu, umsimulie kilivyoisha, ndipo akupe kingine bure. Wateja walidhani ni mtego wa kuwanasa wavivu. Chini ya kigoda chake kilikuwapo kitabu kinene chenye jalada la kijani, alichomwekea Nasimiyu wiki mbili sasa.

Nasimiyu akatoa vile vipande. "Mzee, nimekosa. Tulikikata kwa wembe, mafungu sita."

Muindi akavipapasa kimoja kimoja. "Ni tano. Ya sita iko wapi?"

"Iko na mwalimu."

Akangoja matusi, maana mzee ana mdomo.

"Nyinyi watu wa shule ni wachinjaji, hiyo najua," akasema Muindi. Kisha uso ukamshuka. "Kwa hivyo hujui kama alibisha."

"Sijui."

Mzee akavilaza vile vipande mapajani. Halafu, polepole, akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mteja yeyote.

"Nilisoma hii nikiwa kijana, nikifanya kazi ya usiku Industrial Area. Yangu haikuwa na kurasa za mwisho. Mama wa njugu alikuwa amefungia watu njugu nazo. Miaka thelathini na moja, huyo msichana amesimama tu kwa mlango. Mwaka jana nikapata nzima, na macho imekataa. Ni presha ya macho, hata miwani haisaidii. Nikisema siwezi soma, nani atanunua kitabu kwangu?"

Nasimiyu akatazama lile gunia, vitabu mia na zaidi, na mikono ya mzee iliyovijua kwa unene na kwa jalada. Ndipo akalielewa lile sharti. Halikuwa mtego. Mzee alikuwa anasoma kwa vinywa vya watu. Akahisi amesimama mbele ya kitu kikubwa kuliko yeye.

"Si ungeniambia nikusomee?"

"Aibu, mami."

Jumatatu Nasimiyu akaenda ofisi ya walimu, akaeleza yote. Mwalimu Nzau hakucheka wala hakukaripia. Alifungua droo, akamwonyesha lile fungu, akaifunga.

"Hesabu za moli, arobaini. Ijumaa. Zote ziwe sahihi."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nasimiyu alipiga hesabu kwenye foleni ya chakula, pale pale alipozoea kusoma hadithi, na nyumbani, mtaa wa Jamhuri, alizipiga huku anakoroga uji. Mbili zikakosewa, akazirudia. Ijumaa jioni fungu la sita likawa mkononi mwake.

"Fungua basi tuone!" Ajwang akamsihi.

"Kuna mtu amengoja kuliko wewe."

Akalifunga kwa kamba ya nywele, akalitia begini. Usiku ule hakuna alichokitamani zaidi, na hakulifungua.

Jumamosi akaketi kwenye kigoda cha mzee, mzee akakaa juu ya ukingo wa barabara, na Nasimiyu akasoma kwa sauti kuzishinda honi. Binti akabisha. Mtoto mdogo akafungua, akasema baba yuko kisimani. Binti akangoja uani. Mwishowe mwanamume akaja na ndoo yake, mvi kichwa kizima, akamkuta mgeni mwenye midomo iliyopasuka, na kabla ya kumuuliza jina akamtekea maji.

Muindi alikuwa ameinamisha kichwa. Machozi yalimtoka waziwazi, naye hakuyafuta.

"Alikuwa kwa kisima," akasema. "Mimi miaka yote nilijua amekufa."

Akapapasa chini ya kigoda, akatoa kile cha kijani. "Sharti umetimiza. Chukua. Na wembe ukae mbali."

Nasimiyu akakikumbatia. Kilikuwa kizito, na wiki iliyofuata ilikuwa ya mitihani, ila hakujali. Akafunga begi, akaaga, akapiga hatua mbili.

"Nasimiyu."

"Naam, Mzee."

"Kabla uende. Rudia tu hapo kwa maji."

Akarudi, akaketi, akasoma tena.