Adabu ya Kwenye Kamba

Mwalimu Patricia hakumwita Léonie ofisini. Alimngoja langoni, na kelele za watoto zilipopungua akamvuta pembeni, kando ya ukuta wa mawe meusi.

“Mama Christa, mutoto wako hana kosa,” alianza, na hapohapo Léonie akashuku jambo, kwa sababu mazungumzo yanayoanza hivyo hayaishi vizuri.

Saa ya mapumziko, alieleza mwalimu, mvulana mmoja mkubwa alimsukuma Christa akampokonya biskuti. Mtoto mwingine wa miaka sita angelia, au angeng'ata mtu. Christa alikunja magoti kidogo, akacheka, akasema, “Aksanti shefu. Mungu akubariki shefu.” Kisha akampa yule mvulana na ndizi yake, ambayo hakuna aliyeiomba.

“Na si mara ya kwanza,” alisema mwalimu. “Ile namna ya kucheka, mama, si ya mutoto. Niliisikia nikaingiwa na baridi.”

Léonie hakuuliza mtoto ameitoa wapi.

Kila Jumamosi Léonie na Christa walikwenda Lac Vert, ambako mama yake Léonie alimwachia kipande cha shamba, wakachuma mboga za lengalenga za kuja kuuza Ndosho, mtaani kwao. Mumewe, Cyprien, alikuwa ameacha kwenda. Njiani palikuwa na kizuizi, kamba tu iliyokatiza barabara na vijana wenye bunduki pembeni yake. Wanaume walikamatwa pale na kubebeshwa mizigo, na jirani yao mmoja alibebeshwa hakurudi tena. Kwa hiyo aliyekwenda ni mwanamke, tena na mtoto mkononi, maana mwenye mtoto aliachwa apite upesi. Hilo lilikuwa wazo la Cyprien, na Léonie alilikubali. Kilichobaki alikigundua mwenyewe: kucheka. Alianza kucheka hatua kumi kabla ya kamba, kwa sauti nyembamba isiyo yake. Alicheka walipopekua kapu, akacheka walipojichagulia mafungu mazuri, akikunja magoti na kuwashukuru kwa kuwaita shefu, yaani wakubwa. Siku moja walimwita jina ambalo hakuweza kumsimulia mumewe. Siku hiyo ndiyo aliyocheka kuliko siku zote.

“Nyumbani namuambiaka kila siku,” alimwambia mwalimu. “Mutu akikunyang'anya kitu, kataa. Sema hapana. Namuambia!”

Mwalimu Patricia aliangalia chini. “Kwa miaka yake, mama, kuambiwa hakuingii sana. Anakuangalia wewe. Anaona unaogopa, anaona unafanya hivi, halafu anaona mumepita salama. Kwake somo limeisha.”

“Basi nifanye nini?”

“Akuone ukifanya kingine.”

“Wapi, mwalimu?”

Mwalimu pia alipita kwenye kamba ileile kila asubuhi.

Jioni Léonie alimkuta Cyprien uani akipiga randa ubao wa mlango. Alimsimulia yote, akamalizia, “Jumamosi sitacheka.”

Randa ikasimama. “Usipeleke kiburi pale.”

“Si kiburi. Nitanyamaza tu. Wachukue wanachochukua, lakini mutoto asinione nikiwashukuru.”

“Basi umuache hapa na mimi.”

“Nipite pale peke yangu?”

Cyprien aliuangalia ubao wake kama mtu aliyesahau alichokuwa anatengeneza.

Jumamosi, walipokuwa wakirudi na kapu limejaa, Léonie alihesabu hatua zake hadi kwenye kamba bila kucheka. Aliyekuwa zamuni alikuwa kijana aliyevaa sweta la rangi ya kijani, ambaye Léonie alimjua vizuri kwa sura.

“Mama Lengalenga. Leo umenuna?”

“Hapana.”

“Hapana nani?”

“Hapana, shefu.”

Kijana alilisukuma kapu kwa buti. Mafungu yakamwagika vumbini. Léonie alipoinama kuokota, akaambiwa aache. “Wewe utaenda kukaa mule kwanza, hasira iishe,” alisema kijana, akionyesha kwa kidevu nyumba isiyo na mlango nyuma ya kamba. Wenzake wawili wakageuka kutazama.

Sasa Léonie alitaka kucheka. Alitaka kwa roho yake yote, akafungua mdomo, na kicheko hakikuja.

Akahisi mkono wa mtoto ukichomoka katika wake. Christa aliokota fungu kubwa kuliko yote, akalipangusa kwa gauni lake, akaliinua juu kwa mikono miwili huku amekunja magoti. Kisha akacheka, kwa sauti ileile nyembamba.

“Chukua hii, shefu. Mama kichwa kinamuuma leo. Mungu akubariki shefu.”

Vijana wote watatu wakaangua kicheko. Yule wa sweta akalipokea fungu, akampapasa Christa kichwani. “Huyu ana adabu kumupita mama yake,” alisema. Léonie akarudisha mafungu kapuni, na kamba ikashushwa.

Walitembea hadi kizuizi kikapotea nyuma ya kona.

“Nani alikufundisha kusema kichwa kinauma?” aliuliza Léonie.

“Wewe. Ile siku ulikuwa unalia, ukamudanganya papa.” Christa alirukaruka kidogo ili aende sawa na hatua za mama yake. “Nimefanya muzuri?”

Léonie alisimama. Akimwambia hapana, Jumamosi ijayo nani angewatoa pale? Na akimwambia ndiyo, maisha yake yote mtoto huyu angempa ndizi kila atakayempiga. Alisimama hivyo hadi pikipiki ikawapigia honi watoke barabarani.

“Umefanya muzuri,” alisema.

Mtoto aliruka kwa furaha, akaomba abebe kapu, na Léonie akamwachia upande mmoja.

Walipofika nyumbani Cyprien alitoka mbio, akawaangalia kuanzia kichwani hadi miguuni.

“Mumepita?”

“Tumepita.”

“Ulicheka?”

“Hapana.”

Uso wa Cyprien ukakunjuka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. “Kumbe inawezekana,” alisema, akamshika bega mkewe, akarudi kwenye ubao wake. Christa alivuta upande wake wa kapu, Léonie akainua wa kwake, wakaingia ndani.