Kibofu Kijae

Tangu saa mbili asubuhi Mwanaheri alikuwa ameshakunywa vikombe vinane vya maji, na sasa ilikuwa saa sita. Alikaa ukingoni mwa benchi, mapaja kayabana, homa ikimchemsha. Daktari wa upasuaji alikwisha sema: mirija yako ya uzazi ina jipu, lakini mie sipasui bila picha, likijipasukia lenyewe, tusilaumiane. Na altrasaundi, walimwambia, haioni kitu mpaka kibofu kijae. Basi akanywa. Akabana.

Mashine ilikuwa moja, nayo ilikuwa na wenyewe. Akapita mama mwenye kimemo cha wizarani. Akapita wa pili. Wa tatu alishuka kwenye shangingi, kaja kutazama kama mtoto ni wa kiume.

"Sista, shikamoo. Zamu yangu imeshapita mara tatu. Siwezi tena."

Sista Filomena, muuguzi wa mlangoni, alimtazama juu hadi chini. "Huwezi nini? Kwa wanaume mbona uliweza?"

"Mie nina mume mmoja tu, Sista. Maradhi haya kayaokota yeye huko Tunduma kwenye biashara zake, kaniletea."

Benchi zima likatazama chini.

"Kaa. Huyu mama wa gari kubwa katoka Msasani, ana haraka."

Haraka gani? Mimba ya miezi sita! Hako katoto kalikuwa kanakimbilia wapi?

Mwanaheri aliuma khanga, wapi! Mkojo ukamtoka, ukatiririka hadi sakafuni. Ndipo wakamwita.

Mpiga picha alimpitishia kile chuma cha mashine tumboni, akasonya. "Kibofu kitupu. Sista, andika: mgonjwa hakufuata maelekezo. Aje Alhamisi."

"Leo Jumatatu, baba. Hiyo Alhamisi nitafika?"

"Kunywa maji ya kutosha."

Mlangoni Filomena alimtupia tambara. "Piga deki uchafu wako kwanza. Hapa si kwenu."

Akainama. Alipopitisha tambara mara ya pili, kitu kikapasuka ndani, maumivu yakamkata pumzi, akaanguka kwa magoti na tambara mkononi. "Mama yangu we!"

Mama wa Msasani alikuwa amerudi, anataka picha nyingine ya kumpelekea mama mkwe. Akapandisha gauni, akamruka.

"Sista, huyu vipi?"

"Mwache, maigizo hayo," alisema Filomena, akimfungulia mlango. Kisha akageuka, akanyoosha kidole. "We! Na hapo kwenye kona bado."